Ubishi wa Michezo Kama Zana ya Kufundishia

Mwalimu mwanafunzi anayefika Ulyankulu kwa mazoezi ya kufundisha hupokewa kwanza na ubishi. Chini ya miembe ya shule watoto hubishana juu ya Simba na Yanga: nani alimfunga nani, mabao mangapi, mwaka gani. Kengele ikilia ubishi hukoma, na mtoto aliyekuwa akitaja miaka na hesabu kwa ufasaha huingia darasani akawa kama bubu. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba ubishi huo ni zana ya kufundishia, maadamu mwalimu anajua kuuliza swali moja: "Umejuaje?"

Kosa tulilolifanya

Hatuna budi kuanza na kosa letu wenyewe. Siku moja, tukifundisha Darasa la Sita, tulisema kwamba Filbert Bayi alipata medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow, mwaka 1980. Mvulana mmoja, ambaye aghalabu hakufungua kinywa, alinyosha mkono akasema, "Hapana, mwalimu. Ilikuwa ya fedha, tena si katika mita 1500." Tulimwamuru akae.

Jioni tulizitafuta habari hizo, tukakuta kwamba mtoto alisema kweli. Bayi alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji, nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland. Suleiman Nyambui naye alipata ya fedha katika mita 5000. Kesho yake tulikiri kosa letu mbele ya darasa zima, tukamwuliza mvulana yule alikozipata habari zake. Alijibu kwamba babu yake alizisikia redioni wakati ule, naye humsimulia. Hata hivyo, yalipita majuma mengi kabla hajanyosha mkono tena. Kosa la medali tulilisahihisha kwa dakika moja. Kosa la kumnyamazisha mtoto halikusahihishika upesi hivyo.

Aina tatu za kauli

Tangu siku ile tumekuwa tukiwafundisha wanafunzi kuzipanga kauli za mashabiki katika mafungu matatu.

(a) Kauli inayoweza kuhakikishwa. Mfano: "Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974." Kauli hii ina jina, mahali na tarehe, yaweza kutafutwa ikaonekana kuwa kweli au uongo.

(b) Kauli ya maoni. Mfano: "Bayi ni bora kuliko Alphonce Simbu." Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha huko Tokyo, Septemba 2025, akawa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano hayo. Bayi alishika rekodi ya dunia, lakini hakupata dhahabu ya Olimpiki. Je, ubora upimwe kwa rekodi au kwa medali? Hapana jibu kabla kigezo hakijatajwa.

(c) Kauli ya kukisia. Mfano: "Bayi angemshinda John Walker huko Montreal mwaka 1976." Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilisusia michezo ile kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki, ilhali timu yake ya ragbi ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Walker, raia wa New Zealand, akatwaa dhahabu ya mita 1500. Mbio za wawili hao hazikufanyika, basi hakuna awezaye kuthibitisha. Watoto waruhusiwe kukisia, lakini wajue kwamba wanakisia.

Hatua za somo

Zana zinazohitajiwa ni ubao, kamba, futi ya kupimia na uwanja wa shule.

Hatua ya kwanza. Waombe wanafunzi wataje kauli za michezo walizobishania. Ziandike ubaoni bila kuzisahihisha, kisha wazipange katika mafungu matatu.

Hatua ya pili: Hesabu. Andika ubaoni rekodi ya Jim Ryun wa Marekani ya mwaka 1967, dakika 3 sekunde 33.1, na ya Bayi, dakika 3 sekunde 32.2. Tofauti ni sekunde 0.9. Watoto watauliza kama sekunde isiyotimia ni kitu. Wageuze muda wa Bayi kuwa sekunde 212.2; wagawe mita 1500 kwa 212.2, wapate mita 7.07 hivi kwa sekunde. Wakizidisha kwa 0.9 watapata kama mita 6.36. Toka nao nje, mpime umbali huo kwa kamba, na watoto wawili wasimame kwenye ncha zake. Wa mbele ni Bayi, wa nyuma ni rekodi ya zamani. Darasa la juu laweza kuendelea na Simbu: baada ya kilomita 42 na mita 195 alimtangulia Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03 tu.

Hatua ya tatu: Lugha. Mmoja asema rekodi ya Bayi ilivunjwa mwaka 1979. Mwingine asema mwaka 2022. Wote wawili wasema kweli. Sebastian Coe wa Uingereza aliivunja rekodi ya dunia mwaka 1979. Lakini mbio zile za Christchurch ziliweka pia rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, nayo ilidumu hadi Oliver Hoare wa Australia alipoivunja mwaka 2022. Wanafunzi waziandike upya sentensi zote mbili ili ubishi uishe.

Hatua ya nne: Kazi ya nyumbani. Kila mwanafunzi amwulize mtu mzima habari moja ya michezo, na aandike msemaji aliijuaje: aliona, alisikia redioni, au aliambiwa.

Kutoka uwanjani hadi historia

Ulyankulu ni mahali penye masimulizi mengi. Hapa palikuwa katika himaya ya Mirambo, aliyeifunga njia ya misafara ya Tabora na Ujiji mwaka 1871, akafariki mwaka 1884. Hapa pia yalianzishwa makazi ya wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1972, na wajukuu wao wamo madarasani mwetu. Watoto wa darasa moja huja na masimulizi ya nyumbani yasiyofanana. Mwalimu akianza kwa kuyahoji, mtoto aweza kudhani kwamba wazee wake wanaitwa waongo. Akianza na Bayi, hakuna anayeumia. Na darasa likiisha kuzoea, maswali yale yale huhamia kwa Mirambo: Nani asema? Aliona au aliambiwa? Je, hii ni habari, maoni, au makisio?

Tahadhari

Mwalimu asiligeuze somo kuwa ugomvi wa Simba na Yanga, wala asidhani kwamba ubishi huu ni wa wavulana tu. Ahakikishe habari zake kabla ya kipindi. Akisahihishwa na mtoto, aseme: "Huenda wasema kweli, tutazame pamoja."

Maswali ya kujadiliana chuoni

1. Tunga kauli tatu za michezo, moja kwa kila fungu.
2. Mwanafunzi amekupinga nawe huna hakika. Utafanya nini papo hapo, na utafanya nini kesho yake?