Mwavuli wa jua: kinga ya anayetembea masafa marefu Pwani Kusini

Neno mwavuli ni ndugu wa uvuli na kivuli. Waliokipa kifaa hiki jina walikuwa wakifikiria jua kabla ya mvua, na historia ya pwani yetu inawaunga mkono. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka wa 1498, mwandishi wa safari yake alieleza jinsi mfalme wa mji huo alivyoketi chini ya mwavuli wa atlasi nyekundu. Hata hivyo, mwanamume anayefungua mwavuli leo wakati wa jua kali pale Ukunda huulizwa kwa kejeli mvua iko wapi. Wanawake husamehewa. Kwa hiyo wanaume wengi huvumilia jua vichwa wazi, na baadhi yao hulipa uvumilivu huo kwa maradhi.

Makala haya yanamlenga msomaji wa mjini anayekwenda Kwale likizoni, au pamoja na wenzake wa kazini, chuoni au kanisani, kisha akatembea kwa miguu kwa saa nyingi: kwenye ufuo wa Diani, katika milima ya Shimba, au katika vijia vya Gazi na Msambweni. Katika mwendo wa namna hiyo mwavuli mwepesi, usiozidi robo kilo, unastahili kuhesabiwa pamoja na chupa ya maji. Lakini una mipaka yake, na asiyeijua anaweza kudhurika akiwa chini ya kivuli chake mwenyewe.

Jua la utosini

Kwale iko karibu digrii nne kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Siku hizo, muda mfupi baada ya saa sita mchana, mnazi ulionyooka huwa hauna kivuli ila kile kilicho shinani pake.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lina kipimo cha nguvu ya miale ya urujuanimno, yaani ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho ambayo huunguza ngozi na kudhuru macho. Kuanzia 3 mtu anahitaji kinga. Kuanzia 8 hatari ni kubwa sana, na 11 kwenda juu ni hatari kupita kiasi. Katika nchi za ikweta, mchana usio na mawingu hufika 11 mara nyingi. Huhitaji chombo chochote kulijua hilo: tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua limeshakuwa kali na ni wakati wa kufungua mwavuli. Wala usidanganywe na mawingu mepesi, kwa sababu sehemu kubwa ya miale hiyo huyapenya.

Mwaka wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima miavuli 23 ya mkononi. Yote ilizuia angalau asilimia 77 ya miale hiyo, na ile myeusi ilizuia asilimia 90 au zaidi. Kwa hivyo ule mwavuli mweusi wa kawaida unaouzwa vibandani mwa stendi unaweza kukufaa. Ufungue na uuelekeze kwenye jua kabla ya kulipa. Ukiona vijitundu vya mwanga kama chekecheo, mrudishie mwenyewe.

Kwa watu wenye ualbino, jambo hili si la starehe hata kidogo. Ngozi yao haina rangi ya kutosha ya kuikinga, na saratani ya ngozi huwapata mapema maishani. Wao wahitaji mwavuli, kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, vyote kwa pamoja. Kwa wenye ngozi nyeusi saratani hiyo ni nadra zaidi, lakini macho hayana ngozi nyeusi. Mtoto wa jicho ni mojawapo ya madhara ya kupigwa na miale hii kwa miaka mingi.

Mwavuli hauipozi hewa

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu anayetembea hupata joto kutoka sehemu tatu: jua linalompiga moja kwa moja, hewa inayomzunguka, na misuli yake mwenyewe inayofanya kazi. Mwavuli unapunguza lile la kwanza tu. Hayo mengine mawili unabaki nayo.

Nchini Marekani matumizi ya mwavuli katika safari ndefu za miguu yalitiwa nguvu na Ray Jardine, ambaye katika miaka ya 1990 aliwashauri kuubeba wasafiri wa njia ya Pacific Crest, yenye zaidi ya kilomita 4,000 kutoka mpaka wa Mexico hadi wa Canada. Njia hiyo hupita katika jangwa la California, ambako hewa ni kavu. Jasho hukauka upesi na kuupoza mwili. Diani si jangwa. Miezi ya Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi, joto la mchana hufika digrii 32 au 33 na hewa imejaa unyevu. Jasho hutiririka bila kukauka, na jasho linalodondoka chini halikupozi.

Anayetoka Nairobi yuko katika hatari zaidi ya mwenyeji. Amezoea kuishi karibu meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwenye hewa ya baridi, na mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto. Yeye hufika Ijumaa jioni, na Jumamosi saa nne asubuhi yuko ufuoni akitembea kwa bidii ili wikendi isiishe. Ushauri wetu ni kwamba siku mbili za kwanza utembee mwendo mfupi, uanze saa kumi na mbili asubuhi, na ifikapo saa nne uwe umeketi kivulini. Uendelee baada ya saa kumi jioni. Mwavuli ni wa saa zile za katikati unazoshindwa kuzikwepa.

Kunywa nusu lita hadi lita moja kwa saa ukiwa mwendoni, kidogo kidogo. Usinywe maji matupu kupita kiasi, kwani chumvi ya mwilini ikipungua sana hilo nalo ni ugonjwa. Madafu ni mazuri, nayo yanapatikana karibu kila mahali, ila yana chumvi kidogo kuliko inayotoka kwa jasho. Yanywe pamoja na chakula chenye chumvi. Mgonjwa wa figo amwulize daktari wake kwanza, kwa kuwa madafu yana potasiamu nyingi.

Dawa pia zizingatiwe. Vidonge vya shinikizo la damu vinavyoongeza mkojo hupunguza maji mwilini. Doksisaiklini, ambayo baadhi ya wageni huimeza kujikinga na malaria, huifanya ngozi iungue upesi. Usiache dawa kwa sababu ya matembezi. Zungumza na daktari kabla ya kufunga mizigo.

Mchanga mweupe

Ufuo wa Diani, kutoka Msikiti wa Kongo kwenye mlango wa Mto Mwachema hadi Galu na Kinondo, una zaidi ya kilomita 10. Uzuri wake ni mchanga wake mweupe, na huo mweupe ndio adui wa mwenye mwavuli. Kwa mujibu wa WHO, mchanga mkavu wa ufuoni hurudisha juu takriban asilimia 15 ya miale ya urujuanimno, na povu la bahari takriban asilimia 25. Miale hiyo huja kutoka chini, ikakupiga kidevuni, puani na machoni huku ukijiona umo kivulini.

Jaribio lililochapishwa mwaka wa 2017 lilionyesha jambo hili waziwazi. Watu 81 wenye ngozi inayoungua kwa urahisi walikaa ufuoni huko Texas kwa saa tatu na nusu, wengine chini ya mwavuli peke yake, wengine wakiwa wamejipaka mafuta ya kukinga jua peke yake. Asilimia 78 ya wale wa mwavuli waliungua. Wale wa mafuta, asilimia 25. Kwa hivyo ufuoni vaa na miwani ya jua, na mwenye ngozi nyepesi ajipake mafuta usoni, shingoni na kwenye muundi, ambako kivuli hakifiki.

Tembea maji yakiwa yamepwa. Mchanga uliolowa huwa mgumu, na hatua juu yake haichoshi kama katika mchanga mkavu unaodidimia. Misuli ikifanya kazi kidogo, mwili hautoi joto jingi. Waulize wavuvi saa ya maji kujaa kabla hujaondoka.

Mlimani, kwenye mvua na upepo

Milima ya Shimba huinuka karibu meta 400, na hewa yake ina nafuu. Matembezi ya kwenda kwenye maporomoko ya Sheldrick hufanywa pamoja na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Sehemu za uwanda wazi zenye nyasi ndizo za kufungua mwavuli. Kwenye msitu ufunge, kwa kuwa miti inakupa kivuli bora kuliko wako na matawi yatauchana bure. Hifadhi hii ina ndovu na palahala. Askari akisema kuna mnyama karibu, usiufungue mwavuli kwa ghafla.

Mvua za masika huanza Aprili na kuwa nyingi zaidi Mei. Katika joto la pwani koti la plastiki hukulowesha kwa jasho badala ya mvua, ilhali mwavuli huacha hewa ipite. Tatizo ni kusi. Upepo huu huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, na ukiukabili uso kwa uso utaupindua mwavuli nje ndani. Msimu huo anzia Galu uelekee kaskazini, ili upepo uwe mgongoni.

Ukisikia radi, funga mwavuli na uondoke ufuoni mara moja. Usijibanze chini ya mnazi au mbuyu ulio peke yake. Ingia nyumbani au ndani ya gari, nawe usubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Tena usivuke vijito na mabwawa ya maji baridi kwa miguu mitupu. Kichocho ni ugonjwa unaojulikana sana Msambweni na sehemu nyingine za Kwale, na mwavuli haukingi miguu.

Mwenzako akizidiwa

Uchovu wa joto huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na jasho jingi. Mketishe kivulini, mpe maji, na safari ya siku hiyo iishe hapo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kupepesuka au kuzimia, huenda joto la mwili wake limefika digrii 40 au zaidi. Hiyo ni hatari ya kifo, hata kama bado anatoka jasho. Mmwagie maji mwili mzima, hata ya bahari, na mpepee bila kukoma. Mwavuli umshikie yeye. Asinyweshwe kitu akiwa hana fahamu, wala asipewe vidonge vya homa, kwa kuwa havishushi joto la aina hii. Mwenzenu mmoja atafute gari la kwenda hospitali iliyo karibu. Kwa aliye upande wa Gazi au Shimoni, hospitali ya rufaa ya kaunti iko Msambweni. Kumpoza kuendelee hadi mlangoni mwa hospitali.

Homa inayokuja siku chache au wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani isisingiziwe jua. Kwale ina malaria, na kipimo cha damu ndicho kitakachoamua.

Kuhusu mwavuli wenyewe: funga mpini kwenye ukanda wa begi la mgongoni kwa kamba mbili, ili mikono ibaki huru. Jioni usuuze kwa maji ya mfereji na uuanike ukiwa wazi, kwa maana chumvi ya bahari hula vijiti vyake vya chuma katika muda wa wiki chache.