Paulo Alianzia Sokoni

Somo la juma: Matendo 17:16–34
Soma pia: Yohana 4:5–26, Matendo 13:14–41, 14:8–18, 21:37–22:22



Mmesikia tangazo kwamba kuanzia mwezi ujao kila kikundi cha nyumbani kitatoa msemaji wake mazishini na kwenye ibada za shukrani, badala ya kungoja mchungaji kila mara. Tangu siku hiyo watu wanne wamenijia na neno lile lile: "Pastor, mimi kuongea mbele ya watu siwezi." Ajabu ni kwamba wote wanne ni waongeaji hodari. Mmoja ni mama mboga ambaye ukienda kwake kununua nyanya za shilingi ishirini unaondoka baada ya nusu saa. Mwingine ni wa bodaboda, na akianza kusimulia steji nzima hunyamaza. Sasa ni kitu gani hupotea kati ya steji na madhabahu?

Mimi naona hivi. Katika mazungumzo ya kawaida, anayekusikiliza anakusaidia kazi. Ukisema jambo lisiloeleweka anakunja uso, au anakuuliza "ati?" Unarudi nyuma, unatafuta mfano mwingine, mnaendelea. Mzigo wa maneno mnaubeba wawili. Lakini ukisimama mbele ya watu mia mbili, hakuna atakayesema "ati?" Watasema Amina. Na tuseme ukweli, sisi Wapentekoste Amina yetu wakati mwingine ni adabu tu. Mtu anaweza kukuitikia Amina tano na hajui umetoka wapi wala unaelekea wapi. Paulo aliwauliza Wakorintho jambo hilo hilo: asiyeelewa unachosema ataitikiaje Amina? (1 Wakorintho 14:16). Mistari mitatu mbele anasema kanisani angechagua maneno matano ya kueleweka kuliko elfu kumi yasiyoeleweka.

Kwa hiyo msemaji ana kazi ambayo mtu anayezungumza na jirani yake hana. Ile "ati?" ni lazima ajiulize mwenyewe, kwa niaba yao, kabla hajasimama.

Angalieni Bwana wetu alivyofanya yote mawili. Kisimani pale Samaria, hesabuni: kutoka mstari wa 7 mpaka wa 26 Yesu anasema mara saba, na mwanamke yule anasema mara sita. Anauliza, anabisha kidogo, anabadilisha mada, na Bwana anamfuata hapo hapo alipo. Hayo ni mazungumzo. Mlimani, Mathayo 5 hadi 7, ni sura tatu nzima na hakuna anayemkatiza. Lakini ona mambo aliyotaja: chumvi, taa, ndege, maua ya kondeni, nondo na kutu, nyumba juu ya mchanga. Ni kama alikuwa amekwisha kuzisikia "ati?" zao zote.

(Kidogo tu kando: ndugu zetu Wakatoliki huita mahubiri ya misa homilia. Neno hilo asili yake ni Kigiriki, na maana yake ya kwanza ni kukaa pamoja na kuongea. Tendo la neno hilo ndilo Luka alilotumia kwa wale wawili waliokuwa wakiongea njiani kwenda Emau, Luka 24:14.)

Sasa twende Athene. Wengi tunaikumbuka ile hotuba ya Areopago, lakini tunaruka mstari wa 17. Kabla ya kusimama pale mbele, Paulo alikuwa akiongea sokoni kila siku na wale aliokutana nao. Waepikureo na Wastoiko walibishana naye. Wengine wakamdharau, wakamwona mpiga domo. Na katika mstari wa 23 anaeleza kwamba alikuwa akipita na kuyaangalia mambo yao ya ibada, ndipo akaiona ile madhabahu iliyoandikwa kwa ajili ya mungu asiyejulikana. Hotuba yake ikaanzia hapo, kwenye kitu ambacho kila mtu aliyekuwa pale alikuwa amekipita asubuhi. Akataja hata watunga mashairi wao. Hotuba yote ni mistari kumi tu, ingawa huenda Luka alifupisha.

Nilipokuwa chuo nikisomea biashara tulifundishwa kwamba kabla hujafungua duka, keti mahali pale siku kadhaa uhesabu wapitaji: ni kina nani, wanapita saa ngapi, wamebeba nini mkononi. Paulo alikuwa fundi wa mahema, na fundi hupima kabla ya kukata. Angalieni vipimo vyake. Katika sinagogi la Antiokia ya Pisidia anaanzia Misri, anapita kwa Daudi, anamalizia na manabii, kwa sababu watu wale Maandiko waliyajua. Kule Listra, kwa watu wasiojua Musa ni nani, hataji andiko hata moja. Anawaambia habari za mvua, majira ya mavuno na chakula kinachofurahisha moyo. Mhubiri ni yule yule, na Mungu ni yule yule.

Nilete jambo hili mazishini, maana huko ndiko mtakakotumwa. Nilihudhuria mazishi fulani mashambani. Marehemu alikuwa kijana, hakuwa mtu wa kanisa. Mhubiri mmoja alipewa dakika kumi, akachukua karibu saa nzima akieleza moto wa jehanamu, na mama wa marehemu ameketi hapo mbele ya jeneza. Maandiko aliyoyasoma ni ya kweli. Lakini mimi nilikuwa nikimwangalia yule mama. Alijifunika uso kwa leso, akainama, wala hakuinuka tena.

Baadaye maiki ikapewa mama mmoja aliyetumwa na kanisa lake. Yeye alikuwa amefika siku mbili mbele, akaketi jikoni na wanawake wa boma lile wakimenya viazi. Huko hakuhubiri. Aliuliza tu: alikuwa mtoto wa ngapi? Alipenda nini? Mama yake amelala kweli? Akasikia kwamba kijana ndiye aliyekuwa akimchotea nyanya yake maji kila jioni. Basi aliposimama alianzia kwenye mtungi ule. Akauliza ni mkono wa nani sasa utakaoujaza, akasema kanisa limekuja na mikono. Ndipo akasoma habari za mjane wa Naini (Luka 7:11–15), jinsi Bwana alivyomwona mama kwanza kabla ya kuligusa jeneza. Dakika nne, labda tano. Mama alitoa ile leso usoni. Na wazee wa ukoo waliokuwa nje ya hema wakipiga gumzo walisogea karibu kusikia.

Yule mama hakuwa na kipaji kumshinda mhubiri. Alikuwa amekwenda sokoni kwanza.

Kuna lugha pia. Mbele ya jemadari wa Kirumi Paulo aliongea Kigiriki. Akageukia umati, akaongea Kiebrania, nao wakazidi kunyamaza (Matendo 22:2). Kwetu, boma moja linaweza kuwa na nyanya asiyesikia Kiswahili vizuri na wajukuu waliotoka Nairobi wasiosikia lugha ya nyumbani. Uliza mapema. Omba mkalimani wa familia yenyewe, usingoje kugundua ukiwa umesimama.

Lakini mtu asinielewe vibaya. Kumjua msikilizaji si kumpaka mafuta. Dukani, bidhaa isiponunuliwa unaagiza nyingine. Sisi Injili yetu hatubadilishi. Umati ule ule ulionyamaza kwa sababu ya Kiebrania ulipiga kelele auawe alipotaja kutumwa kwa Mataifa (22:21–22). Paulo alijua neno hilo litawachoma. Alilisema, ila kwa lugha yao, na baada ya kuwaeleza maisha yake mwenyewe. Naye Feliki aliyemsikia kwa faragha aliingiwa na hofu.

Kuna walio na shida ya upande wa pili: nyumbani wanaongea kama wako jukwaani. Ukimuuliza mtoto swali na kulijibu mwenyewe, hapo hamzungumzi. Rudini Yohana 4, mhesabu tena.

Kazi ya vikundi, Jumatano: Kila mmoja asimulie ushuhuda wake mara mbili. Kwanza ameketi, akimwambia jirani wa kando, na jirani yuko huru kumkatiza na "ati?" Kisha asimame auseme mbele ya kikundi kwa dakika tatu. Mwenye saa awe mkali. Wengine waandike maneno yaliyoongezeka aliposimama, na yale yaliyopotea. Halafu kiongozi ataje familia moja mtaani iliyofiwa au iliyo na mgonjwa, na mchague wawili wa kwenda kuwatembelea kabla ya Jumapili, bila maiki.