Kabla hujatuma, umehakiki? Somo kutoka Mlima Kilimanjaro

Ndugu msomaji, hakuna ubaya mtu kumtumia mwenzake jambo la kuchekesha, habari ya chombo kipya au taarifa ya wimbo fulani. Binadamu ameumbwa kupenda ya ajabu na kutaka kuyasimulia. Zamani yalisimuliwa kwenye vijiwe vya kahawa. Leo yamo kwenye simu za mkononi, na mtu wa Moshi mjini, Marangu au Kibosho huyapokea dakika ile ile na ndugu yake aliyeko Muscat.

Swali letu ni hili: unapobonyeza kutuma, unakuwa nani? Unakuwa shahidi. Aliyeipokea habari hamjui aliyeitunga. Anakujua wewe, na anaiamini kwa sababu yako. Ndiyo maana katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuichunguza habari kabla ya kuichukulia hatua, kwa kuwa madhara yake huweza kumwangukia asiye na kosa. Hebu tuchukue mifano minne kutoka mlima wetu wenyewe.

Kwanza, kisa cha zawadi. Wengi wamesoma kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alimpa mjukuu wake, Kaiser Wilhelm wa Pili wa Ujerumani, Mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, na ndiyo sababu mpaka wetu na Kenya umepinda. Kisa kinafurahisha, lakini hakikutokea. Mpaka ule ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, na Wilhelm wa Pili alitawazwa mwaka 1888. Tarehe mbili tu zinatosha kuuangusha uongo uliodumu miaka mingi. Na tazama unachoficha: badala ya kujifunza kwamba wakoloni walikaa mezani wakagawana ardhi ya watu bila kuwauliza, kijana wetu anacheka hadithi ya bibi na mjukuu.

Pili, kuna kosa la upande wa pili, nalo ni kukanusha bila kuchunguza. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima ukiwa na weupe kileleni. Kiongozi wa msafara wake, Bwana Kheri, aliuita weupe ule baridi. Rebmann akaandika kwamba ni theluji. Huko London, mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwa amefika hapa, alisema haiwezekani theluji kuwepo karibu na ikweta. Ubishi uliendelea mpaka Baron Karl Klaus von der Decken alipopanda sehemu ya mlima mwaka 1861 na 1862 akathibitisha. Muda wote huo Wachagga walikuwa wakiiona kila asubuhi, lakini hawakuulizwa. Kwa hiyo kuhakiki si kukataa kila jambo geni. Ni kumuuliza aliye karibu nalo.

Na mageni ya kweli yapo. Ukiambiwa kwamba mtu anaweza kutuma picha kwa intaneti akiwa juu mlimani, usicheke. Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, lilifikisha intaneti ya kasi kituo cha Horombo, mita 3,720 kutoka usawa wa bahari.

Tatu ni muziki. Picha za video za waongozaji na wapagazi wakiwaimbia wageni mlimani zimezunguka dunia nzima. Wimbo unaosikika sana ni "Jambo Bwana", uliobadilishwa maneno na kutiwa jina la Kilimanjaro. Ni rahisi mgeni kuudhani kuwa ni wimbo wa asili wa wenyeji. Ukweli ni kwamba ulitolewa mwaka 1982 na bendi ya Them Mushrooms ya Kenya, na mtunzi wake ni Teddy Kalanda Harrison. Kumtaja mtunzi ni kumpa haki yake. Kumnyima ni dhuluma, hata kama wimbo wenyewe ni wa kuchangamsha tu.

Nne, na hapa ndipo penye uzito, ni picha isiyo na tarehe. Oktoba 2020 moto mkubwa uliwaka mlimani, ukazimwa kwa jasho la mamia ya watu. Oktoba 2022 ukawaka mwingine. Sasa chukulia mtu anaipata picha ya mwaka 2020, anaona inatisha, anaituma leo bila neno. Huko Marangu yupo mama ambaye mwanawe ni mpagazi na jana amepanda na wageni. Picha ni ya kweli, moto ulikuwa wa kweli, lakini ushahidi ni wa uongo. Nani atalipa usiku ule ambao mama yule hatalala?

Basi kabla ya kutuma, tujiulize maswali matatu. La kwanza: habari hii imetoka kwa nani, na ni ya lini? La pili: yupo mtu wa karibu nayo ninayeweza kumuuliza? La tatu: kicheko hiki ni aibu ya nani? Mzee aliyepigwa picha amesinzia, au mpagazi aliyeteleza na mzigo, hakuomba kuchekwa na watu asiowajua. Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya mzaha na maswahaba zake, lakini hakusema ila kweli. Mzaha wake haukuhitaji uongo wala kumdhalilisha mtu.

Isitoshe, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabu kuwa mkosaji anayechapisha habari akijua ni za uongo kwa nia ya kuupotosha umma. Lakini muumini hangoji polisi.

Tusizime furaha za watu, wala tusiogope teknolojia. Tutume yaliyo ya kweli, na tuliloshindwa kulihakiki lifie kwenye simu zetu. Wabillahi tawfiq.