Mafuriko, Choo na Kisima



Ikifika Aprili, wenzetu wa Kyela hutazama zaidi mawingu ya Rungwe kuliko yale yaliyo juu ya nyumba zao. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hutoka milimani. Kilele cha Rungwe kina kimo cha meta 2,960 hivi, na Ziwa Nyasa liko meta 475 hivi tu juu ya bahari. Maji huteremka mbio, yakifika tambarare hukosa mteremko, hutapakaa mashambani. Mkoani Iringa, Pawaga nako hupokea maji ya juu kupitia Ruaha Mdogo.

Mafuriko hayohayo huleta tope lenye rutuba ya mpunga. Kuwaambia watu "hameni tu" ni shauri la asiyejua wali wa Kyela!

Hatari kubwa kwa afya huja maji yakishaingia nyumbani. Choo cha shimo hufurika, kinyesi huelea uani, kisha huingia katika kisima kisicho na ukingo. Maji yanaweza kuonekana maangavu, kumbe yana vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo au kipindupindu. Madimbwi yanayobaki huzalisha mbu wa malaria.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilihimiza kila kaya iwe na choo. Lakini shimo refu linalofaa Tukuyu halifai Kyela, kwani maji ya ardhini yako karibu. Chimba kifupi, kisha inua kuta za shimo kwa tofali za kuchoma na kuzijazia udongo. Sakafu iwe juu ya alama ambayo mafuriko yaliacha ukutani. Choo kiwe meta 30 au zaidi kutoka kisimani. Kisima kijengewe ukingo na mfuniko. Kazi hii ni ya kiangazi, wala si ya Machi.

Nanyi mnaolima vinyungu juu, msikwangue kingo za mito. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda meta 60 kutoka ukingoni.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote. Mtu akiharisha, changanya lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Anywe kidogo kidogo, hata akiwa njiani kwenda zahanati. Mtoto mchanga aendelee kunyonya.