Morogoro hadi Dar es Salaam: Mwendo wa Ndege na Mwendo wa Jua

Sisi wa sekondari twafundishwa hesabu za dunia kama tufe, na wengi wetu twaziogopa. Napenda kuwaonyesha wenzangu hesabu moja ya hapa kwetu, ambayo kwanza niliikosea, kisha ikanirudia wakati wa mfungo.

Swali lilikuwa hili: ndege itokayo Morogoro kwenda Dar es Salaam itatumia muda gani? Tazameni ramani. Dar es Salaam iko kwenye latitudo ya digrii 6 dakika 48 Kusini, na Morogoro digrii 6 dakika 49. Ni kama miji hii imekaa juu ya mstari mmoja, basi kazi yetu ni ya longitudo peke yake: Dar es Salaam digrii 39 dakika 17 Mashariki, Morogoro digrii 37 dakika 40. Ukitoa utapata digrii 1 dakika 37, yaani dakika 97.

Hapo ndipo nilipoandika, "Ndege itatumia dakika 97," nikapata sifuri. Dakika hizi si za saa! Kila moja ni sehemu ya 60 ya digrii, na kwenye Ikweta ni sawa na maili moja ya baharini. Sisi tuko kusini kidogo, ambako miduara ya latitudo imeanza kupungua, kwa hiyo twazidisha 97 kwa kosaini ya digrii 6 dakika 49, nayo ni 0.993. Twapata maili za baharini 96.3, na kwa kuwa kila maili ni kilometa 1.852, umbali ni kilometa 178. Ndege ndogo iendayo kilometa 300 kwa saa itafika kwa dakika 36, mbali na kupaa na kutua. Barabara ya Chalinze ni kama kilometa 190, haikupinda sana. Lakini basi nililopanda likizo iliyopita lilitumia saa tano, nyuma ya malori. Treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria Juni 2024, yaweza kufikia kilometa 160 kwa saa.

Jua huwashinda wote. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii moja kwa dakika 4. Digrii 1 dakika 37, basi, ni dakika 6 na nusu, safari hii dakika za saa kweli.

Siku ya kwanza ya Ramadhani redio ilitoa adhana ya Magharibi kutoka Dar es Salaam, nami nikainua tende. Mzee mmoja wa jikoni akanishika mkono: "Mwanangu, huko kwao limezama. Hapa bado." Alfajiri hakuna hatari, kwani ya Dar hutangulia vilevile, na anayeifuata hujinyima uji kidogo tu. Jioni ni kuharibu funga ya kutwa nzima. Niliirudisha tende sahanini, nikaitazama saa ya ukutani mpaka adhana ya msikiti wa mtaani ikasikika.