Somo la 9: Mwani Huu ni wa Ukoo Gani?

Ukienda Dar es Salaam ukanunue mchele Kariakoo, utakuta mafungu mawili. Kwa macho ni sawasawa. Utachota kiganjani, utanusa, pengine utatafuna punje mbili. Huo ni uchunguzi. Wataalamu wa mwani nao huanza hivyo hivyo.

Toka Kariakoo, shuka mpaka Posta, ziliko boti za Unguja. Ng'ambo ya pili, huko Paje na Jambiani, akina mama wamekuwa wakilima mwani tangu mwaka 1989. Mbegu zililetwa kutoka Ufilipino. Aina kubwa ni mbili: spinosamu na kotonii. Zote huitwa mwani mwekundu, lakini jina lisikudanganye. Mwani huohuo waweza kuwa wa kijani au wa kahawia. Basi rangi haitoshi.

Tazama umbo. Spinosamu ina vimiba vilivyopangwa duara kuzunguka shina. Kotonii ni nene na laini. Tofauti hii ni ya fedha: kotonii huuzwa kwa bei kubwa zaidi, ila maji yakipata joto hufa upesi. Mbegu zikichanganywa, mkulima ndiye anayeumia.

Hata umbo hubadilika, maana mwani wa penye mawimbi haufanani na wa maji matulivu. Wataalamu wenyewe waliihesabu kotonii katika ukoo wa Eucheuma, mpaka mwaka 1988 Maxwell Doty alipoihamishia ukoo mpya, Kappaphycus.

Siku hizi husomwa pia vinasaba. Ndani ya kila mmea kuna maandishi ya urithi, yenye herufi 4 tu: A, T, G na C. Wewe wajua kusoma. "Pata" na "pita" zimetofautiana herufi moja, na maana imekuwa nyingine kabisa. Mwani hulinganishwa vivyo hivyo, herufi kwa herufi.

Kwa njia hiyo watafiti, akiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walieleza mwaka 2015 kwamba spinosamu yenye asili ya Asia imetoka mashambani na kuenea sana mahali pa ile ya kienyeji. Kwa macho usingejua. Nayo ya kienyeji ikitoweka, tutakuwa tumepoteza mbegu ambayo hatujaijaribu vya kutosha, wakati bahari inazidi joto.

Jadilianeni darasani:
Kwa nini rangi haitoshi kutambua mwani?
Kijijini kwenu, ni mbegu zipi zinazofanana kwa macho lakini si moja? Mnazitofautishaje?