Uwatu, Karela na Vidonge vya Sukari

Ukishuka mwendokasi pale Msimbazi ukaingia mitaa ya Kariakoo, hutakosa mtu anayeuza dawa ya sukari. Kuna magome na mizizi iliyotandazwa juu ya turubai, unga wa mlonge kwenye vifuko, uwatu na habasoda katika maduka ya viungo, karela kwenye meza za mboga, na vichupa vyenye lebo vinavyonadiwa kwa kipaza sauti. Wanunuzi wengi tayari wana vidonge vya hospitali nyumbani. Makala haya ni yao, na ya watoto wao wanaotumwa kununua.

Wengi huamini kwamba mti shamba, kwa kuwa ni wa asili, hauwezi kumdhuru mtu. Lakini hata metformin, kidonge cha kisukari kinachotumika zaidi duniani, chimbuko lake ni utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao Galega. Mmea wenye nguvu ya kushusha sukari unaweza pia kuishusha kupita kiasi, hasa ukikutana na dawa inayofanya kazi hiyohiyo.

Kwa hiyo soma kwanza jina lililoandikwa kwenye pakiti yako. Metformin ikitumika peke yake ni nadra kuangusha sukari. Glibenclamide, glimepiride na gliclazide ni habari nyingine, kwa sababu hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala. Anayetumia hizo, au anayejichoma insulini, ndiye aliye hatarini zaidi akiongeza juisi ya karela au mchemsho wa mizizi. Mwaka 1979 jarida la tiba la Lancet la Uingereza liliandika kisa cha mgonjwa aliyekuwa akitumia chlorpropamide, dawa ya kundi hilohilo, ambaye sukari yake ilishuka zaidi kila alipokula mchuzi wa karela. Wala haikuwa dawa aliyoandikiwa na mganga; kilikuwa chakula tu. Kidonge kina miligramu zinazojulikana, lakini kikombe cha leo na cha kesho havilingani nguvu hata vikitoka sufuria moja.

Sukari ikishuka chini ya 4 mmol/L mtu hutetemeka, hutoka jasho jembamba, moyo humwenda mbio, njaa humbana ghafla, kisha huanza kuongea asiyoyajua. Akiwa bado anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Mpime tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini, rudia. Akizimia usimtie kitu chochote mdomoni; mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali. Na kama alimeza glibenclamide mpelekeni hata akizinduka, kwa kuwa sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye. Wazee na wenye figo dhaifu ndio huumia zaidi, maana dawa hukaa mwilini muda mrefu.

Uwatu una shida yake pia. Ute wake hupunguza kasi ya chakula kuingia kwenye damu, na unaweza kuchelewesha vidonge vilevile, hivyo acha angalau saa mbili kati yake na dawa. Shubiri huharisha. Metformin nayo huwaharisha baadhi ya watu, na zikikutana mwili hukaukiwa maji.

Ninachokiogopa kuliko vyote ni kile kichupa kisichotaja kilichomo. Kati ya Januari na Mei 2008, hospitali za umma za Singapore zilipokea watu 150 wasio na kisukari ambao sukari yao ilikuwa imeanguka vibaya. Wengi wao walikutwa na glibenclamide kwenye damu, iliyokuwa imechanganywa kwa siri katika dawa haramu za nguvu za kiume, nyingine zikiuzwa kama za mitishamba. Wanne walikufa. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake la kusajili waganga na dawa. Muulize muuzaji namba ya usajili. Akianza kuzungukazunguka, ondoka.

Hatari nyingine ni kuacha dawa za hospitali. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500, wakiamini kinaponya kisukari na maradhi mengine sugu. Wapo waliotupa dawa zao baada ya kunywa. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini anaweza kufikia hali ya kufa ndani ya siku chache. Akianza kutapika, kuhema kwa nguvu na pumzi yake kunukia kama matunda yaliyoiva, hapo hakuna tena cha kusubiri.

Kama umeamua kutumia dawa ya asili, usimfiche daktari. Najua wapo wanaokaripiwa wakisema, na ndiyo maana wengi hunyamaza. Wahudumu wa afya, tafadhali msiwafokee. Siku ya kliniki beba dawa yenyewe, gome au kichupa, usiende na jina tu, kwa sababu jina moja hubeba miti tofauti katika makabila tofauti. Anza na aina moja. Pima sukari asubuhi kabla ya kula na jioni, andika kwenye daftari pamoja na saa uliyokunywa, na umwonyeshe daktari. Kama dozi ya vidonge ni ya kupunguzwa, yeye ndiye ataipunguza.